Cyprian, Mchungaji wa Carthage

Karibu na mji wa Tunis, katika pwani ya kaskazini ya Afrika, yako magofu ya mji wa kale ulioitwa Carthage. Miaka elfu moja na mia nane hivi iliyopita mji huo ulikuwa mmoja wa miji mikubwa ya dola ya Warumi. Ngano na mafuta ya zeituni ya mashamba yake yalipakiwa vyomboni kwenda Rumi, na liwali wa Kirumi alikaa humo na askari wake. Ndimo alimoishi Cyprian, ambaye nataka kuwasimulia habari zake. Watu wengi wamesikia kwamba aliuawa kwa ajili ya imani yake. Wachache wamesikia jinsi alivyowatunza watu wa kanisa lake kabla ya siku ile. Na kazi hiyo ya kutunza aliifanya karibu miaka kumi, lakini kuuawa ni jambo la asubuhi moja.

Cyprian alizaliwa mwanzoni mwa karne ya tatu. Alikuwa mtu mwenye mali, tena mwalimu wa usemaji, yaani ufundi wa kunena mbele ya waamuzi na makutano. Alikuwa na bustani nzuri mjini, na wakubwa wa serikali walikuwa rafiki zake. Karibu na mwaka 246, naye amekwisha kuwa mtu mzima, akaongozwa katika imani na mzee mmoja wa kanisa aitwaye Caecilius. Alipobatizwa akauza sehemu kubwa ya mali yake, akawagawia maskini. Yule mzee alipokaribia kufa alimwita Cyprian akamkabidhi mkewe na wanawe awatunze. Basi kazi yake ya uchungaji ilianzia hapo, kwa mjane mmoja na yatima wake, kabla hajapewa kundi lolote.

Karibu na mwaka 248 askofu wa Carthage alikufa. Watu wakaizunguka nyumba ya Cyprian, wakaziba milango, hawakutaka kuondoka mpaka akubali kuwa askofu wao. Lakini si wote waliofurahi. Imewapasa wasomaji kujua kwamba siku zile kila mji ulikuwa na askofu mmoja, na pamoja naye wazee wa kanisa na mashemasi. Wazee walikaa naye katika baraza, wakafundisha, wakaongoza ibada na kuwaangalia watu. Mashemasi waliwapelekea wahitaji vitu vya sadaka. Wazee watano wa Carthage waliona uchungu kwamba mtu aliyebatizwa juzi tu amewekwa juu yao, wao waliotumika miaka mingi. Tusiwacheke. Nani kati yetu angependa kupitwa na mwanafunzi wake? Lakini uchungu ule hawakuutupa, wakauweka moyoni, na baadaye tutaona ulivyozaa.

Cyprian aliazimia tangu siku ya kwanza kwamba hatafanya neno peke yake pasipo shauri la wazee na mashemasi wake na pasipo watu wote kuridhia. Tena alitaka mzee wa kanisa awe na nafasi ya kazi yake. Mtu mmoja alipokufa, ilionekana ameandika katika wosia wake kwamba mzee fulani awe msimamizi wa jamaa zake na mali yao. Cyprian alikasirika sana, kwa kuwa maaskofu walikuwa wamekataza jambo hilo zamani: mzee akiingia katika mabishano ya mali na mashamba, nani atawaangalia watu? Akaagiza hata marehemu yule asiombewe kanisani. Mimi naiona hukumu hiyo kuwa kali mno, maana aliyeadhibiwa alikuwa amekwisha kufa. Lakini twaweza kufahamu kilichomtia hofu.

Hakuwa mkali siku zote. Askofu mmoja wa mji mwingine alimwandikia kumwuliza habari za Mkristo mmoja aliyekuwa mwigizaji katika michezo ya mji. Michezo hiyo ilikuwa na ibada za sanamu na mambo ya aibu, kwa hiyo mtu yule alikuwa ameiacha, lakini alikuwa akiwafundisha vijana kuigiza apate riziki. Je, akae kanisani? Cyprian akajibu kwamba haifai kuwafundisha wengine jambo ambalo wewe mwenyewe umeliacha kwa kuwa ni baya. Hata hapo wengi wangeishia. Yeye akaendelea kusema kwamba ikiwa mtu huyo analia njaa, kanisa limpe chakula pamoja na maskini wake, naye aridhike na chakula kidogo kilicho safi. Na kama kanisa la mji ule halina kitu, basi aje Carthage, atalishwa na kuvikwa huko. Hakukubali kumkataza mtu kazi yake na kumwacha bila ugali.

Mwaka 250 msiba mkubwa ukawapata. Kaisari Decius aliamuru watu wote wa dola yake waitolee miungu sadaka na kufukiza uvumba mbele ya mashahidi, kisha kila mtu apewe cheti. Vyeti vya namna hiyo vimeokotwa katika mchanga wa Misri, vimeandikwa jina la mtu na kijiji chake na sahihi za mashahidi. Aliyekataa alifungwa, akateswa, au alinyang'anywa mali yake. Kanisa la Carthage lilikuwa limekaa kwa amani miaka mingi, na amri ilipofika watu walikimbilia hekaluni wenyewe, bila kukamatwa. Walikuwa wengi hata jioni wakubwa wakawaambia wengine warudi kesho, nao wakasihi wasirudishwe. Wazazi walikuja na watoto wachanga mikononi. Wengine hawakutoa sadaka, bali waliwapa makarani fedha wapate cheti cha uongo.

Na Cyprian je? Yeye alijificha. Watu wasioamini walikuwa wamepiga kelele mara nyingi katika uwanja wa michezo kwamba atupwe kwa simba, naye akaona kwamba akibaki mjini atawaletea wenzake hatari zaidi. Akaondoka, akakaa mahali pa siri zaidi ya mwaka mmoja. Serikali ikamnyang'anya mali yake iliyosalia. Neno hili liliwatia watu wengi mashaka. Wazee wa kanisa la Rumi, ambao askofu wao alikuwa ameuawa, waliwaandikia wazee wa Carthage barua yenye kumsengenya mchungaji aachaye kondoo na kukimbia. Barua hiyo haikuwa na jina la mwandishi. Ilipofika mikononi mwa Cyprian akairudisha Rumi, akawaomba waitazame vema waone kama ni yao kweli, maana maandishi yake na hata karatasi yake yalimtia shaka. Baadaye akawapelekea nakala za barua 13 alizokuwa amewaandikia watu wake kutoka mafichoni, wasome na kuamua wenyewe kama ameliacha kundi.

Tuzitazame barua hizo, kwa maana ndani yake twaona jinsi kundi linavyotunzwa. Aliwaandikia wazee na mashemasi wawaangalie wajane, wagonjwa na maskini. Na wageni wakiwa na shida, wapewe katika fedha zake mwenyewe alizomwachia mzee Rogatianus. Kwa kuwa aliogopa kwamba fedha ile huenda imekwisha, akatuma nyingine. Aliwaagiza waende gerezani kuwatazama waliofungwa, lakini wasiende kwa kundi kubwa, askari wasije wakafunga mlango kabisa. Na mzee aendaye kuongoza ibada huko afuatane na shemasi mmoja tu, kisha wabadilishane kwa zamu, maana sura mpya kila mara haziwatii askari shaka kama sura zile zile. Na mfungwa akifia gerezani, waandike siku aliyokufa, apate kukumbukwa kila mwaka siku yake ikifika. Sisi walimu twajua maana ya kuandika majina. Mwalimu asiyeita majina asubuhi hajui nani hakuja, na asiyejua nani hakuja hawezi kwenda kuuliza kama ni mgonjwa. Cyprian alikuwa mbali, lakini alikuwa na daftari la watu wake kichwani.

Aliwaagiza pia watu wanne aliowaamini wazunguke katika watu wa kanisa, wajue umri wa kila mmoja, na hali yake, na mwenendo wake. Wenye shida walipiwe gharama zao. Na mwenye ufundi aliyetaka kushika kazi yake tena aongezewe fedha ya kuianza. Basi hakutaka fundi seremala awe mwombaji siku zote. Mmoja wa wale wanne alikuwa Numidicus, na habari zake sitaki kuzipita. Watu walikuwa wamemchoma moto pamoja na mkewe, wakawatupia na mawe. Mkewe akafa kando yake. Yeye alifunikwa na mawe, wakamwacha wakidhani amekufa. Binti yake alikuja kutafuta maiti ya baba yake apate kuizika. Alipoyaondoa mawe akamkuta anapumua. Akamtoa, akamuuguza hata akapona. Mtu huyu ndiye Cyprian aliyemweka kuwa mzee wa kanisa katika Carthage. Nadhani watu waliopoteza jamaa zao walipomwona akibisha hodi hawakuhitaji kumweleza mengi.

Lakini kazi ile ya kuzunguka ilipingwa. Shemasi mmoja, Felicissimus, aliyeungwa mkono na wale wazee watano, aliwatisha watu kwamba atakayepokea msaada wa Cyprian hatashiriki meza ya Bwana pamoja naye. Fikirini mjane mwenye njaa akiambiwa hivyo. Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya wale waliokana. Walikuwa maelfu, na wengi wao walikuwa wakilia na kutaka kurudi. Waliofungwa na kuteswa bila kukana waliheshimiwa sana, na baadhi yao walianza kuwaandikia waliokana barua za amani ili wapokelewe. Barua nyingine zilitaja mtu mmoja na jamaa yake, bila kusema jamaa hiyo ni akina nani. Kwa barua moja wangeweza kuingia watu 20 au 30. Wale wazee watano waliwapokea wenye barua upesi, bila toba na bila kumwuliza mtu. Upande wa pili, huko Rumi, mzee mmoja aitwaye Novatian alisema waliokana wasirudishwe kanisani kamwe, hata wakilia mpaka kufa.

Watu husema kuteleza si kuanguka. Lakini hawa walikuwa wameanguka kweli, na swali lilikuwa kama aliyeanguka aweza kuinuliwa, na kwa njia gani. Cyprian hakuwa pamoja na Novatian wala pamoja na wale watano. Alipokuwa bado mafichoni aliruhusu kwamba mwenye barua ya amani akiugua sana asingoje askofu: mzee yeyote amwendee asikie maungamo yake, na mzee asipopatikana, hata shemasi, ili asife pasipo faraja. Wengine wangoje. Mwaka 251, baada ya Pasaka, alirudi mjini, na maaskofu wengi wa Afrika wakakutana kwake kufanya shauri. Wakaamua kwamba waliokana wote waitwe watubu, lakini hukumu ya kila mtu ifuate jambo lake.

Hilo ndilo lililokuwa gumu, maana lazima mtu akae na kumsikiliza kila mmoja. Mtu aliyekimbilia hekaluni kwa hiari yake hakuwa sawa na yule aliyeburutwa. Yuko mtu aliyekwenda peke yake kutoa sadaka, ili mkewe na watoto na wapangaji wake wasisumbuliwe, kisha akawaficha nyumbani mwake ndugu wengi waliokimbia mateso. Je, huyo ahesabiwe pamoja na aliyewapeleka watoto wake hekaluni kwa mkono wake? Walikuwako watu watatu waliosimama imara mbele ya wakubwa wa mji wao, kisha wakapelekwa kwa liwali, wakateswa siku baada ya siku hata mwili ukashindwa, wakakana. Miaka mitatu walikuwa wakitubu kwa machozi. Askofu mmoja alipouliza habari zao, Cyprian alisema kwamba kwa maoni yake miaka hiyo yatosha. Hata hivyo aliahidi kuuliza shauri la wenzake. Baadaye, hatari ya mateso mengine ilipokaribia, wao wote waliokuwa katika toba walirudishwa, maana hakutaka kuwapeleka vitani watu wasio na silaha.

Mwaka 252 tauni kali ilikuwa ikiwaua watu Carthage. Mgonjwa aliharisha mpaka nguvu zikamwisha, alitapika, macho yake yaliwaka kama moto. Wengine waliopona walipoteza miguu, au masikio, au macho. Watu wenye afya waliwatupa wagonjwa wao nje, na maiti zikalala njiani. Cyprian aliwakusanya watu wa kanisa akawaambia kwamba kuwapenda walio wetu si jambo kubwa, hata watoza ushuru hufanya hivyo. Wawauguze na wale wasioamini, ambao baadhi yao juzi tu walikuwa wakiwatesa. Kisha akawagawia kazi kila mtu kwa kadiri yake: mwenye mali alitoa mali, na maskini asiye na kitu alitoa mikono yake. Wakawatunza wagonjwa na kuwazika wafu wa watu wote. Mwaka uliofuata habari zikaja kwamba wavamizi wameingia Numidia na kuwateka Wakristo wengi, wanaume, wanawake na wasichana. Kanisa la Carthage likachanga fedha za Kirumi ziitwazo sesterti 100,000 ili kuwakomboa. Cyprian alizipeleka pamoja na orodha ya majina ya waliochanga, ili waliokombolewa wajue wa kumwombea. Akaomba tena kwamba shida kama hiyo ikirudi, asikawie kuarifiwa.

Sitaeleza mabishano yake na askofu Stephen wa Rumi mwaka 256 juu ya ubatizo, maana ni marefu, na wote wawili hawakuwa wapole.

Mwaka 257 Kaisari Valerian alileta mateso mapya. Mara hii Cyprian hakujificha. Alipoulizwa na liwali majina ya wazee wa kanisa walioko mjini, akakataa kuyataja, akapelekwa uhamishoni Curubis, penye bahari. Mwaka uliofuata akaruhusiwa kurudi katika bustani yake. Kisha akasikia kwamba watu wametumwa wampeleke Utica, mji mwingine, ahukumiwe huko. Hapo akaondoka kwa muda, akawaandikia wazee, mashemasi na watu wote sababu yake: alitaka kufa katika Carthage, mbele ya watu wake mwenyewe. Liwali alipokuwa karibu na mji, akarudi bustanini akangoja.

Walimkamata tarehe 13 Septemba mwaka 258. Usiku ule alilazwa katika nyumba ya afisa mmoja, na watu wa kanisa walipopata habari wakaja wote, wakakesha mbele ya mlango. Alipojua kwamba njia imejaa watu, akatuma neno kwamba wasichana waliomo katika kundi lile walindwe vema usiku kucha. Asubuhi akapelekwa barazani. Njia ilikuwa ndefu na jua kali, nguo zake zikalowa jasho. Askari mmoja, ambaye zamani alikuwa Mkristo akaacha, akamwendea akataka kumpa nguo zake kavu. Cyprian hakuzipokea. Lakini yule aliyekuwa ameondoka kundini alikuwa amemkaribia mchungaji, tena mbele ya wenzake.

Liwali alisoma hukumu kwamba auawe kwa upanga. Watu walimfuata mpaka mahali pa kuuawa, na wengine wakapanda juu ya miti ili wamwone. Akavua joho lake, akapiga magoti akaomba, akawapa mashemasi vazi lake, akaagiza mwuaji apewe sarafu 25 za dhahabu. Watu walitandika vitambaa mbele yake. Akajifunga macho kwa mikono yake mwenyewe. Lakini mikono hakuweza kujifunga, basi mzee wa kanisa aitwaye Julianus pamoja na mtumishi mwenye jina hilo hilo wakamfunga.

Usiku ulipoingia wakauchukua mwili wake kwa mishumaa na mienge, wakiomba njia nzima, wakamzika. Na wazee wake, waliokwisha kuzoea kuandika siku za wafu wao, wakaiandika na hiyo: tarehe 14 Septemba.